Fremu ya Kona ya Jumba la Faraji

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa pili, saa nane kasoro dakika kumi mchana, swichi kuu ya Jumba la Faraji ilijizima kwa mara ya tatu siku hiyo. Viyoyozi kumi na sita vilinyamaza kwa pamoja. Ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na nne, Mwanaheri Kilua aliiacha cherehani ya umeme, akahamia kwenye ile ya kukanyaga, akaendelea na kola aliyokuwa akiishona.

Jumba hilo liko Tanga, Barabara ya Tisa. Lina ghorofa tatu na vyumba ishirini na kimoja. Lilijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya ofisi za wafanyabiashara wa mkonge. Wafanyabiashara wale waliondoka, wakaingia wakili, wakala wa meli, watu wa bima, mganga wa tiba asili na wengineo. Kila aliyeingia alilalamika joto, na kila aliyelalamika alifunga kiyoyozi.

Alhamisi ya wiki hiyo ikaja barua kutoka kwa watu wa umeme. Ilisema kwamba laini inayoingia jengoni imezidiwa. Mwezi uliopita jumba lilikuwa limekula yuniti elfu tisa na mia mbili. Mwenye nyumba alitakiwa kupunguza matumizi hadi nusu katika muda wa mwaka mmoja, la sivyo laini itaondolewa.

Mwenye nyumba alikuwa Bi. Thureya, mjane wa miaka sabini na miwili. Wanawe wawili walikuwa Dar es Salaam, na tayari walikuwa wamepata mnunuzi. Mnunuzi hakutaka jumba. Alitaka kiwanja, abomoe, ajenge ghala. Bi. Thureya aliwaita wapangaji uani, akasoma barua mpaka mwisho, akaikunja.

"Mume wangu aliniachia jumba," alisema. "Hakuniachia kiwanja. Mashine mpya sina uwezo nazo. Lakini atakayenishushia umeme huu hadi nusu kabla ya mwaka kwisha, nampa fremu ya kona miaka kumi, bila kodi."

Watu walitazamana. Fremu ya kona, chumba cha duka, ilikuwa chini kabisa, na mlango wake ulitazama barabara mbili. Upana wake hatua nne, urefu wake hatua tano. Haikuwa ya kugawana. Ukiweka meza mbili, mteja anasimama nje.

Mwanaheri alisikia ahadi ile akiwa amekaa kwenye ngazi ya chini, mkono juu ya goti la kushoto. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona sare za shule katika chumba namba kumi na nne, na kutoka barabarani hadi mlangoni kwake kulikuwa na ngazi sitini na mbili. Mwaka uliopita daktari alimwambia apunguze ngazi. Mwanaheri alimuuliza kama atakuja kuzipunguza yeye mwenyewe. Lakini aliporudi kazini siku hiyo alipumzika mara nne njiani, na alijua kwamba mwaka wa kupumzika mara kumi utafika, na baada ya hapo hakuna mwaka. Wazazi wa wanafunzi hawakuwa wakipanda tena kama zamani. Bila fremu ile, kazi yake ilikuwa ikielekea kwisha.

*

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mhandisi Nsia Mgonja, binti wa Kipare wa miaka thelathini na mmoja, ambaye ofisi yake ilikuwa sebule ya kaka yake. Hakugusa nyundo. Alitundika vipimajoto ishirini na kimoja, kimoja kila chumba, na kwa siku thelathini alipita kuvisoma, asubuhi na saa tisa alasiri. Wapangaji walimwita nesi, kwa sababu kila siku alikuja kupima homa.

Baada ya siku thelathini alichora. Joto, alisema, linaingia kwa njia tatu: paa la zege linapikwa na jua kutwa, madirisha ya magharibi hayana kivuli, na kichwa cha ngazi, pale juu ambapo hewa ya moto ilitakiwa itokee, mtu fulani alikuwa amepaziba kwa mabati zamani. Kazi ilifanyika kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita. Paa likapakwa rangi nyeupe. Madirisha ya magharibi yakawekewa vivuli. Mabati ya kichwa cha ngazi yakaondolewa, pakajengwa kofia inayotoa hewa na kuzuia mvua. Taa zote zikabadilishwa.

Mwezi wa saba mita ilishuka sana, na wapangaji wakampongeza. Nsia alikataa pongezi. Aliwaambia kwamba mwezi wa saba hata asiyefanya kitu anashusha umeme, wasubiri joto lirudi. Joto likarudi. Mwezi wa kumi na moja jumba lilikula yuniti elfu saba kamili.

Nsia alikwenda nyumbani kwa Bi. Thureya, akamwamkia, akakaa, akamwambia ukweli. Amefika mwisho wa anachokijua. Kilichobaki ni kubadilisha viyoyozi vyote, na hilo bibi alishasema haliwezekani.

Wiki hiyohiyo wana wa Bi. Thureya walifika na mnunuzi. Alikipima kiwanja kwa hatua, kutoka kona hadi kona, akiandika. Mwanaheri alimwangalia kutoka dirishani. Yule bwana hakuinua macho kulitazama jumba hata mara moja.

*

Wa pili alikuwa fundi mwashi, jina lake Kaoneka, Mzigua wa Handeni. Aliitwa kuziba nyufa kwenye ukuta wa ngazi, basi. Kwenye ukuta huo Nsia alikuwa amebandika orodha ya vipimo vyake, ili kila mpangaji aone chumba chake. Kaoneka alikuwa akila muhogo wa kuchoma, akasoma orodha kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Vyumba vingine vyote vya ghorofa ya tatu vilikuwa na nyuzi thelathini na tatu, thelathini na nne. Chumba namba kumi na nne kilikuwa na ishirini na nane, na mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya tarakimu.

"Mwanangu injinia, hiki umekikata kwa nini?"

Nsia, aliyekuwa akipita ngazini, alimjibu kwamba kipimajoto kile ni kibovu. Chumba kilichokaa chini ya paa hakiwezi kuwa baridi kuliko vya chini.

"Ulikibadilisha?"

Hakukibadilisha.

Kaoneka akapanda. Alipiga hodi, Mwanaheri akamkaribisha na kumwomba asiguse mashati meupe.

"Dada, huku kwako baridi. Umefuga barafu?"

"Nimejaliwa tu, fundi."

Kaoneka hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa chokaa kavu kidogo, akaiweka kiganjani, akaipuliza juu. Ndivyo alivyofundishwa na mwashi wa zamani: ukitaka kujua nyumba inapumulia wapi, usiiulize, ipulizie chokaa. Vumbi lilining'inia kidogo juu ya cherehani. Kisha likaanza kutembea. Likaenda lote upande mmoja, likapita juu ya kabati la sare, likapotea nyuma yake.

Aliomba kabati lisogezwe. Mwanaheri alisema kabati ni zito na limejaa kazi za watu. Kaoneka alilitazama kabati, akamtazama mwenye kabati, akakung'uta kiganja.

"Haya dada. Kazi njema."

Alishuka kwenye ukuta wa ngazi na kuanza kuugonga kwa kidole, karibu na dari, akisikiliza. Ulilia mzito, mzito, kisha mwepesi. Alipopata panapolia mwepesi aliweka alama ya mkaa. Mpaka jioni alikuwa na alama thelathini na nane, ukutani mwa ngazi na katika kuta zinazotenganisha vyumba. Yalikuwa matundu ya hewa. Waliojenga jumba waliyaacha makusudi ili upepo uingie upande wa bahari, upite chumba hadi chumba, utokee kwenye ngazi na kupanda juu. Waliofuata waliyaziba kwa matofali na kupiga plasta.

Kaoneka hakumwambia mtu. Jumamosi mchana ofisi zilipofungwa alimwambia mlinzi kwamba ana kazi ya plasta, akapewa funguo, akaingia na patasi. Jumapili jioni matundu yote thelathini na nane yalikuwa wazi. Hakuwa ameomba ruhusa ya mwenye nyumba, wala ya mhandisi, wala ya mpangaji yeyote.

Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mita ilisoma yuniti elfu tano na mia moja. Watu walizima viyoyozi wenyewe, kwa sababu walisikia baridi.

Ila walisikia na mengine.

Chumba cha mganga kilipakana na cha wakala wa meli. Jumatano moja karani wa wakala wa meli alimsalimia bosi wake asubuhi, kisha kwa nia njema akamuuliza kama ile dawa ya kiunoni imekubali. Karani alihamishiwa bandarini siku hiyohiyo. Watu walicheka kwa wiki nzima.

Jambo la pili hawakulicheka. Wakili Sebarua, mwenye chumba namba kumi na tatu, alipokea mwanamke aliyetaka ushauri jinsi ya kumwacha mumewe na kuondoka na watoto wake. Mwanamke alizungumza kwa sauti ya chini. Upande wa pili, chumba namba kumi na mbili, kwenye ofisi ya bima, alikuwa ameketi binamu wa mume huyo. Kabla ya magharibi mume alikuwa na habari zote. Yule mwanamke alitolewa nyumbani kwake bila watoto, kabla hajapanga lolote. Jina lake halitasemwa hapa.

Wakili Sebarua aliziba tundu lake kesho yake. Wa bima wakaziba. Mganga akaziba. Mwezi wa kwanza mita ilipanda tena hadi elfu sita na mia sita, na wana wa Bi. Thureya wakampigia simu mnunuzi.

*

Wa tatu alikuwa Mwanaheri mwenyewe.

Aliona kitambaa cha kijani kikining'inia kwenye tundu la ukuta wa ngazi, akakitambua. Kilikuwa kipande cha sketi alizoshona wiki ile. Alipita mlango hadi mlango. Kila tundu lilikuwa limeshindiliwa vipande vyake mwenyewe, vya kijani, vya bluu, vya rangi ya udongo. Wapangaji walikuwa wakivichukua kwenye pipa lake la taka.

Hakuhitaji kuuliza walikuwa wakizuia nini. Aliketi kwenye cherehani, akautazama mkono wa koti la sare uliokuwa mbele yake. Mkono wa koti una kiwiko. Hewa inapinda kwenye kiwiko. Sauti ikipita kwenye kiwiko chenye nyama, inamezwa.

Alinunua magunia ya katani. Alishona mfuko mrefu ulio wazi pande zote mbili, ukiwa na mikunjo miwili, kuta zake zikiwa nene kwa vipande vya sare vilivyoshindiliwa katikati ya tabaka mbili za gunia. Wa kwanza aliufunga katika tundu ambalo hakuna mpangaji mwingine aliyelijua. Alisogeza kabati peke yake, kwa bega, akaufunga, akarudisha kabati. Kisha akaketi kusikiliza. Upande wa pili wakili alikuwa akizungumza na mteja. Mwanaheri alisikia mngurumo tu, kama wa mtu anayezungumza chini ya maji. Shavu lake lilipokea upepo uleule.

Alishona mingine thelathini na minane. Ilikuwa Januari, mwezi wa kufungua shule, mwezi ambao mshonaji wa sare hula kwa ajili ya mwaka mzima. Aliwarudisha wazazi waliopanda ngazi zile zote kumfuata. Aliwaelekeza kwa mshonaji wa Barabara ya Kumi na Moja. Alipomaliza alikwenda kwa kila mpangaji. Hakumwambia mtu amwamini. Alimwambia afunge mfuko, asimame upande wa pili, amsikilize jirani anasoma gazeti kwa sauti. Wakili Sebarua alisikiliza mara tatu, kisha akatoa vitambaa vyake tunduni kwa mikono yake mwenyewe. Mganga alitaka miwili, kwa usalama.

Mwisho wa mwezi wa pili mita ilisoma yuniti elfu nne mia nne na themanini. Nusu ilikuwa elfu nne na mia sita. Laini haikuondolewa, na mnunuzi akaondoka.

*

Ijumaa iliyofuata, saa tisa alasiri, Bi. Thureya alikaa uani na wapangaji wote, akasema kila mwenye dai aliseme.

Nsia alisimama. Alisema kwamba kabla yake watu walipambana na joto wasilolijua linakotoka. Yeye alipima. Kama asingefungua kichwa cha ngazi, matundu ya fundi yangepeleka hewa wapi? Ingepanda na kugonga bati. Na bila paa jeupe na vivuli, mifuko yote ya katani ya Tanga isingefika nusu.

"Na kile chumba ulichokikata?" Kaoneka aliuliza.

"Nilikosea," Nsia alisema. "Kipimo kilisema kweli, nikakiita kibovu kwa sababu hakikukubaliana na mchoro wangu. Nimewacheleweshea miezi minane. Sikatai."

Kaoneka alisema yeye hana mengi. Jumba lilikuwa limeshafika mikononi mwa mnunuzi alipoliokoa kwa patasi na siku mbili. Mhandisi alikuwa ameshainua mikono, mshonaji hakuwa ameshona hata uzi. Angeomba ruhusa, wapangaji ishirini na mmoja wangempa majibu ishirini na moja.

Wakili Sebarua alimkumbusha mwanamke yule. Kaoneka aliinamisha kichwa. Alisema amekwenda mara mbili kwa wazazi wa yule mwanamke, na mara zote mbili mlango haukufunguliwa.

Kisha akaketi. Hakusema lolote kuhusu chokaa na kabati. Mwanaheri alikuwa akimtazama, akisubiri aseme, na alipoona hasemi alielewa kwamba hatasema kamwe.

Alisimama kwa kushika ukuta. Alisema alichokuwa amekipanga: kwamba kipimo cha mhandisi kilikwama kwenye elfu saba, kwamba kazi ya fundi ilidumu mwezi mmoja watu wakaiziba, kwamba ni mifuko iliyowafanya wakubali kuacha matundu wazi. Alisema kuhusu Januari. Wapangaji walitikisa vichwa kukubali. Mtu fulani nyuma alianza kupiga makofi.

Bi. Thureya alimuuliza kama amemaliza.

Mwanaheri bado alikuwa ameshika ukuta. Mbele yake, kupitia mlango wa uani, aliiona fremu ya kona, kufuli lake na ngazi yake moja.

"Sijamaliza, bibi," alisema. "Chumba namba kumi na nne kina tundu nyuma ya kabati. Halikuzibwa kamwe. Nililikuta wazi nilipohamia, nikaliwekea kabati mbele; upande wa wakili limefichwa na rafu ya vitabu. Kipimajoto cha huyu binti hakikuwa kibovu. Nilimwona akikipiga mstari, nikanyamaza. Fundi aliomba nisogeze kabati, nikakataa."

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa."

"Na kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nikisikiliza. Kushona siku nzima peke yako kunachosha, bibi. Mwanzoni ilikuwa hivyo tu. Halafu bodi ya shule ikawa inakutana kwa wakili. Rangi ya sare ikibadilika, mimi nilishanunua kitambaa kabla wenzangu hawajajua."

Wakili Sebarua alikuwa amesimama.

"Ulisikia nini kwangu, Bi. Mwanaheri?"

"Vyote, wakili. Hata ile siku uliyomwambia mzee wa watu hakimu anaumwa, kumbe ulisahau tarehe."

Watu uani walicheka, hata waliokasirika. Wakili aliketi polepole. Mwanaheri aliongeza kwamba habari hizo hazikuwahi kutoka chumbani kwake, na kwamba mfuko wa kwanza aliufunga kwenye tundu hilo. Aliketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Bi. Thureya alimgeukia Kaoneka.

"Wewe ulijua?"

"Vumbi lilinionyesha, bibi."

"Mbona hukusema?"

"Lilikuwa lake la kusema."

Mabishano yalianza hapo. Mganga alisema fremu ni ya Mwanaheri, maana angenyamaza angeipata, na amesema. Wa bima akamjibu kwamba mtu halipwi kwa kutoa alichokificha; angesogeza kabati miaka kumi na tisa iliyopita, nani angehitaji viyoyozi? Wakala wa meli alimtaka fundi, kwa sababu ndiye pekee aliyeona na kutenda. Wakili alisema aliyefungua midomo ya watu bila idhini yao asipewe hata ufunguo wa choo. Wengine walimtaka mhandisi, wakasema kosa lake lilikuwa mstari mmoja wa kalamu na amelikiri kabla hajabanwa. Wengine wakauliza ni nani alimlazimisha kuandika mstari huo.

Bi. Thureya alisikiliza hadi adhana ya alasiri, kisha akasimama. Alisema kila mpangaji aandike jina moja kwenye karatasi, moja tu, na alete Jumatatu. Majina mawili yatachanwa.

Jumatatu saa nne asubuhi karatasi ishirini zilikuwa mezani kwa Bi. Thureya. Nsia alikuwa na saba, Kaoneka saba, Mwanaheri sita. Karatasi ya ishirini na moja ilikuwa ya chumba namba kumi na nne, na mwenyewe aliirudisha tupu, akapanda ngazi zake kwenda kazini. Bi. Thureya aliweka karatasi hiyo tupu mbele yake pamoja na kalamu, na hakuandika.

Basi nyinyi mliosikiliza, wa mbele na wa nyuma: mhandisi alipima, akakata ukweli kwa kalamu, fundi alifungua, akamponza asiyemjua, mshonaji alificha, akashona, akasema. Karatasi ipo. Je, nyinyi mngeandika jina la nani?